Vizibo, soko, daftari au simu: kipi kimsaidie mtoto kujua hesabu nyumbani?

Kifungua mimba wangu alipofika miaka minne alikuwa anahesabu moja mpaka ishirini bila kupumua. Mgeni akija, anaitwa sebuleni, anaweka mikono nyuma, anamwaga namba zake, anapigiwa makofi. Nami niliona kwa hesabu hana shida. Jumamosi moja tukaenda mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, na mama anayetuuzia sato siku zote akamwambia, "Haya baba, mchagulie mama samaki watatu." Akainama kwenye beseni, akatoa mmoja, akatoa mwingine, akaendelea kutoa mpaka yule mama akamshika mkono. Mtoto aliyejua ishirini hakujua tatu.

Tangu siku ile nimejaribu karibu kila njia ambayo mzazi wa Mwanza anaweza kuipata bila kuuza kitanda, kwanza kwake, kisha kwa mdogo wake ambaye sasa ana miaka mitano. Wifi yangu anafundisha darasa la awali, na mengi nitakayoyasema tumebishana naye jikoni tukichambua dagaa. Nimekuja kushika kipimo kimoja: njia inafaa kwa kadiri inavyomfanya mtoto aguse kitu na mtu aliye karibu naye amuulize "ngapi?" Kwa kipimo hicho ndiyo ninazilinganisha hapa: vihesabio vya kuokota, kazi za jikoni na sokoni, michezo, karatasi, na simu.

Kwanza ujue amekwama wapi

Kabla hujanunua chochote, chukua vizibo kumi vya soda mkae mkekani. Mwambie, "Nipe vinne." Usimsaidie hata kwa macho. Akikupa vinne, vizuri. Akikupa kiganja kizima, namba zake bado ni wimbo.

Kisha panga vizibo sita kwa mstari, ahesabu, nawe tazama kidole chake. Watoto wengi kidole hukimbia mdomo ukabaki nyuma, au kizibo kimoja kikapewa namba mbili. Akimaliza muulize, "Viko vingapi?" Mtoto ambaye bado hajafika ataanza kuhesabu upya tangu moja. Hajajua kwamba ile namba aliyoishia ndiyo jibu. Kwetu sisi watu wazima jambo hili halionekani kabisa, kwa sababu hatukumbuki siku tulipolijua. Kwa mtoto ni mlima.

Mwisho panga mistari miwili yenye vizibo vitano vitano, kimoja mbele ya kingine, akubali kwamba viko sawa. Halafu mbele ya macho yake utanue mstari mmoja uwe mrefu. "Wapi kuna vingi?" Wa miaka minne au mitano mara nyingi ataonyesha ule mrefu. Jaribio hili ni la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, nami nalitaja ili usije ukamgombeza mtoto. Hajawa mzito wa kuelewa, umri wake ndio uko hapo.

Rochel Gelman na C. R. Gallistel, watafiti wa Marekani, waliyapanga mambo haya vizuri mwaka 1978. Kuhesabu, walisema, kuna kanuni zake: namba zifuatane kwa mpangilio uleule kila mara, kila kitu kipate namba moja tu, namba ya mwisho iwe ndiyo idadi, chochote kinaweza kuhesabiwa, na hata ukianzia upande mwingine jibu halibadiliki. Ukizisoma kanuni hizo utaona wimbo wa namba unafundisha ile ya kwanza peke yake. Nne zilizobaki zinataka vitu mkononi.

Kiswahili chenyewe kinasaidia, na kinatega

Kabla ya kuziweka njia bega kwa bega, hili la lugha lisitupite, maana ndilo lililonifumbua macho.

Kiswahili kinamsaidia mtoto kuanzia kumi na moja mpaka kumi na tisa. Namba inajieleza: kumi, na moja juu yake. Mtoto anayesomeshwa kwa Kiingereza anakutana na eleven na twelve, majina ambayo hayamwambii chochote kuhusu kumi. Kwa hiyo hata kama mwanao yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza, kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu mfundishe kwa Kiswahili kwanza ili aone mle ndani kuna kumi.

Mtego wa kwanza uko mbele kidogo. Kitinda mimba wangu alipofika kumi na tisa aliendelea na "kumi na kumi." Nilitaka kumsahihisha, wifi akanizuia: "Muache kwanza, mbona amepatia?" Na kweli amepatia. Ishirini, thelathini, arobaini na wenzake tumeyapata kutoka Kiarabu, na hayaonyeshi kumi ngapi zimo ndani. Hayo hayana njia ila kuyakariri, lakini kila moja alisikie pamoja na maana yake: ishirini ni makumi mawili, thelathini ni makumi matatu. Ndivyo atakavyokuta shuleni, kwenye makumi na mamoja.

Mtego wa pili ni upatanisho, yaani namba kubadilika kufuata kinachohesabiwa. Kwenye wimbo mtoto anaimba mbili, tatu, nne. Maishani anasikia watoto wawili, viti vitatu, maembe manne, miti mitano. Halafu sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki hata kidogo. Mwanangu pale mwaloni alikuwa na "tatu" ya kuimba, ila "watatu" ya samaki haikuwa imekutana nayo. Tangu hapo nikimuomba kitu nataja mara mbili: "Niletee vijiko vitatu. Tatu." Njia inayomkutanisha mtoto na wawili, viwili, mawili na miwili kwa siku moja ina faida ambayo hakuna chati itakayoitoa.

Kama bibi yake anahesabu kwa Kisukuma, imo, ibili, idatu, usimkataze. Mtoto anayeona kwamba mawe yaleyale yamebaki matatu hata kwa lugha nyingine amejifunza jambo kubwa kuhusu tatu.

Vihesabio: kokoto, maharage, vizibo, au abakasi ya dukani

Mwanza hatukosi mawe. Lakini kokoto zinazopondwa milimani zina makali, na zile laini za ufukweni zinamwita mtoto aingie majini, na maji ya kandokando ya ziwa letu yana kichocho. Kama unataka mawe, kaokote mwenyewe sehemu kavu uyaoshe. Maharage yako jikoni tayari, ila huingia puani na masikioni. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu usitumie chochote kinachoenea mdomoni: mpe vijiko, viazi, vikombe vya plastiki.

Vizibo vya soda vinashinda vyote. Havivingiriki, havioti, mama wa duka atakupa mfuko mzima bure, na vina pande mbili, wa rangi na wa fedha. Mwagia mtoto vizibo vitano sakafuni: vitatu vya rangi, viwili vya fedha. Mwaga tena: vinne na kimoja. Bila kumfundisha kujumlisha, anaona tano inavyogawanyika kwa kila namna. Huu ni mchezo wa dakika tano, na binafsi naona hakuna unaozidi huu kwa mtoto anayekaribia darasa la kwanza.

Sasa ongeza trei ya mayai. Trei nzima ina nafasi 30, tano kwa sita. Ikate ubaki na safu mbili zenye nafasi tano tano. Hizo ni kumi. Mtoto akiweka vizibo saba, safu ya juu imejaa na ya chini ina viwili. Anaiona saba kama tano na mbili, na nafasi tatu tupu zinamwambia bado tatu kufika kumi. Muulize kila mara, "Vimebaki vingapi kujaza?" Baada ya wiki mbili wangu alikuwa hahesabu tena saba, anaiona tu. Ukiwa na trei mbili kama hizo, kumi na tatu inakaa kama inavyotamkwa: trei moja imejaa, na tatu.

Abakasi ya dukani, ile ya shanga zinazoteleza kwenye waya, ina sifa ya kutopotea. Yenye shanga 100 inaonyesha makumi vizuri sana kwa mtoto wa darasa la kwanza na la pili. Kwa wa miaka minne ni kitu cha kusukuma huku na huku, na shanga zake haziwezi kwenda jikoni kugawiwa watu. Kama huna hela yake, hujakosa kitu kwa sasa.

Jikoni na sokoni

Njia hii naipenda kuliko zote, na nitakaa hapa kidogo.

Kabla ya chakula cha jioni mtoto apange sahani. Usimwambie idadi. Mwambie, "Kila mtu apate yake." Atatembea na sahani moja moja: ya baba, ya mama, ya dada. Huko ndiko kitu kimoja kwa mtu mmoja, msingi wa ile kanuni ya Gelman na Gallistel ya kila kitu kupata namba moja tu, na ameifanya akiwa na sababu, kwa kuwa asipotoa sahani mtu atakosa chakula. Akizoea, mpe kazi kubwa zaidi: "Leo mjomba yupo. Tunahitaji ngapi?" Siku ya kwanza atakimbia kuhesabu watu wote upya. Siku moja, bila wewe kutarajia, atasema "sita" akiwa bado amesimama hapohapo. Siku hiyo amejumlisha.

Maandazi manne kwa watoto wawili: hebu gawa. Maandazi matano kwa watoto wawili: hapo anaigundua nusu mwenyewe, tena kwa ugomvi wa haki, na ugomvi wa haki humfanya mtoto awe makini ajabu. Maji ya ugali apime kwa kikombe, vikombe vingapi kwenye sufuria. Dagaa wakianikwa, wapi pamejaa na wapi pachache.

Soko nalo lina somo ambalo sijawahi kuliona limeandikwa popote. Tazama fungu la nyanya sokoni au kwenye meza yoyote ya mtaani. Nyanya tatu chini, moja juu. Mtoto akiliona fungu hilo mara kumi, nne inamkaa machoni kama tatu na moja. Kisha unamwambia muuzaji, "Dada, niongeze basi," naye anatupia moja ya nyongeza. Inama hapohapo umuulize mtoto: "Zilikuwa ngapi? Dada ameongeza ngapi? Sasa ngapi?" Nyongeza ndiyo kujumlisha kwenyewe, na mtoto hatasahau, kwa sababu ameona jinsi mama alivyoipigania.

Vipimo navyo viko mbele yake: kopo, sado, debe. Muulize kabla ya kujaza: "Makopo mangapi yatajaza hili sado?" Akisema mia, mwache, mjaze pamoja mkihesabu. Kukisia na kuhakikisha ni hesabu pia, tena ya thamani.

Pesa usianze nayo. Wazazi wengi hudhani sarafu ni vihesabio vizuri kwa kuwa mtoto anazipenda. Fikiria lakini: anashika sarafu moja, unamwambia hii ni mia. Nyingine moja, unamwambia mia mbili. Noti moja ni buku, sarafu moja ni jero. Wakati ule ule unamfundisha kwamba moja ni moja. Subiri mpaka kumi imtulie kabisa, ndipo sarafu ziingie. Akiwa na miaka saba anaweza kutumwa dukani na kurudisha chenji, na hapo pesa inakuwa mwalimu mzuri.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inakutegemea wewe. Ukiwa na haraka, au umechoka, unapanga sahani mwenyewe na somo limekwisha. Pia haimfikishi mbali kwenye mfuatano: nani ana sahani arobaini?

Michezo: mstari wa chaki, ngazi, ludo, mdako

Mwaka 2008 watafiti Robert Siegler na Geetha Ramani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Marekani kwa watoto wadogo wa familia za kipato cha chini. Waliwachezesha kwenye ubao wa vyumba vilivyoandikwa 1 mpaka 10 kwa mstari, vipindi vinne vya kama robo saa. Watoto wale waliendelea vizuri katika kuzijua namba na kujua ipi ni kubwa. Wenzao waliocheza ubao wa aina ileile wenye rangi badala ya namba hawakuendelea. Baadaye ubao wa mstari ulipolinganishwa na wa duara, wa mstari ndio uliosaidia.

Ubao huo unauchora kwa chaki kwenye sakafu ya saruji. Vyumba kumi, kutoka kushoto. Kizibo kimoja ndiyo dadu yenu: kikilala upande wa rangi unasogea moja, kikilala upande wa fedha unasogea mbili. Kuna jambo moja usilikosee. Mtoto akiwa kwenye 4 na amepata mbili, aseme "tano, sita" huku anasogea. Asiseme "moja, mbili." Kusema jina la chumba anachokikanyaga ndiko kunakomfundisha kwamba tano inakaa baada ya nne, na sita ni mbele zaidi.

Sisi tunaoishi milimani, Mabatini, Igogo, Kirumba kwa juu, tuna ubao mwingine ambao hauhitaji chaki. Ni ngazi. Unapanda ukihesabu, unashuka ukirudi nyuma. Kila namba iko juu kuliko iliyotangulia, na miguu inalijua hilo kabla ya kichwa.

Ludo inafundisha kitu tofauti. Njia yake inazunguka na haina namba, kwa hiyo mpangilio wa namba hauonekani. Ila dadu yake ni hazina: baada ya michezo michache mtoto anaitambua tano kwa sura ya nukta zake bila kuhesabu. Mdako ni wa wakubwa kidogo, miaka sita na kuendelea, kwa kuwa mkono unatakiwa kurusha jiwe, kukokota mengine shimoni na kudaka kwa wakati mmoja. Lakini hesabu iliyomo ni nzito: raundi ya moja moja, kisha mbili mbili, kisha tatu tatu. Mtoto anayecheza mdako vizuri anahesabu kwa mbili na kwa tatu hata kabla hajasikia neno kuzidisha. Kwa mdogo, ondoa kurusha: akokote mbili mbili tu kutoka shimoni mpaka yaishe, muone kama limebaki moja.

Bao, ambalo wazee wa Kisukuma wana namna yao wanayoiita isolo, ni kubwa mno kwa umri huu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kazi ya kutia kete moja moja kila shimo inamfaa, na trei ya mayai ile iliyokatwa inatosha.

Karatasi

Daftari la mazoezi lina kazi yake halisi, nayo ni kuandika tarakimu. Vizibo havitamfundisha jinsi 8 inavyozungushwa. Akigeuza 2, au akaichanganya 6 na 9, usiogope, watoto wengi hufanya hivyo mwanzoni kabisa. Aandike namba kwanza kwa kidole mchangani, kisha kwa chaki sakafuni, kalamu ije mwisho.

Tatizo langu na madaftari mengi ya dukani ni kwamba picha tayari zimehesabiwa kwa niaba ya mtoto: hapa kuna matufaha matano, zungushia 5. Anajifunza kufuata ukurasa. Na picha haisogei. Huwezi kutanua mstari wa matufaha yaliyochapwa ukamuuliza wapi kuna vingi. Kama unataka vitabu vinavyofuata mtaala wetu, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, bila malipo. Pakua, soma wewe mwenyewe, uone darasani wanaendaje, kisha ukafanye ukurasa huohuo kwa vizibo.

Chati ya 1 mpaka 100 ukutani ndiyo karatasi ninayoitetea. Siyo ya kuimbia. Funika namba moja kwa kizibo, muulize ipi imefichwa, umuulize amejuaje. Akianza kuona kwamba chini ya 14 kuna 24 na chini yake 34, makumi yameanza kujipanga kichwani.

Simu na televisheni

Hapa wifi yangu na mimi hatuelewani kabisa. Yeye anasema simu iondoke. Mimi naona inategemea nini kiko ndani yake na nani amekaa pembeni.

Vipo vitu vizuri vya Kiswahili. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza vipindi vyake vya watoto mwaka 2014, na kuna vya watoto wadogo kabisa wanaojifunza namba. Mwaka 2019 programu za onebillion na Kitkit School zilishinda kwa pamoja mashindano ya Global Learning XPRIZE, baada ya kujaribiwa kwa miezi 15 kwa vishikwambi, kwa Kiswahili, katika vijiji vya Tanga, kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa wakisoma shule. Kwa hiyo mtu asikuambie skrini haiwezi kumfundisha mtoto wa Kitanzania kuhesabu.

Faida yake ni uvumilivu. Simu haichoki kurudia. Hasara yake ni ukimya wa mtoto. Anagusa, inalia, anagusa kingine, inalia, na huwezi kujua kama amejua au amebahatisha. Ndiyo maana nikimpa, nakaa naye na kuuliza, "Umejuaje ni sita?" Muda nao una mpaka. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na kupungua ni bora zaidi. Wa mwaka mmoja na chini yake, hapana kabisa.

Halafu kuna la saa. Simu inaonyesha 7:00, sisi tunasema saa moja. Mtoto aliyeshughulika kuijua 7 kwa jasho anaambiwa ile ni moja. Usimfundishe kusoma saa kwa simu akiwa bado anazifahamu tarakimu. Mfundishe asubuhi, mchana, jioni, jana, kesho, na siku za wiki.

Kuhusu tuisheni nitasema kifupi. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita siioni haja. Nyingi nilizoziona ni kukariri kwa sauti kubwa, na hilo tayari analo.

Kwa kuangalia mara moja

| Njia | Umri | Gharama | Mtu mzima | Inapoweza | Inaposhindwa |
|---|---|---|---|---|---|
| Vizibo na trei ya mayai | 3–7 | hakuna | lazima mwanzoni | idadi, kutimiza kumi | kuandika |
| Jikoni na sokoni | 2–7 | hakuna ya ziada | lazima | kugawa, kuongeza, upatanisho | namba kubwa |
| Mstari wa chaki, ngazi | 4–7 | chaki | hata kaka au dada anatosha | mpangilio, kurudi nyuma | kugawa |
| Ludo, mdako | 5 au 6+ | ndogo | wachezaji wenzake | kutambua idadi kwa jicho, mbili mbili | mtoto mdogo |
| Daftari na chati | 5+ | ndogo | dakika chache | tarakimu, makumi | idadi yenyewe |
| Simu | 3+ | bando | akae pembeni | marudio, sauti | mguso, mazungumzo |

Ningechagua hivi

Mwanao ana miaka mitatu au minne na anaimba namba tu: acha daftari, acha chati. Sahani za jioni, vizibo, na soko mara moja kwa wiki. Usivuke tano mpaka "nipe vitano" imtoke bila kukosea, hata kama wa jirani anafika hamsini.

Anaingia darasa la kwanza mwakani: trei ya mayai na mstari wa chaki kila siku, robo saa basi. Daftari dakika kumi baada ya hapo, kwa tarakimu tu. Chati ukutani.

Na kama wewe ni mama lishe au mchuuzi wa dagaa unayetoka alfajiri na kurudi usiku, mtoto akashinda na dada wa nyumbani, usijilaumu na usimnunulie mtoto simu kwa huruma. Kaa na yule dada jioni moja, mwonyeshe maswali matatu: ngapi, umejuaje, tukiongeza moja je? Anapika, anaosha vyombo, anatandika vitanda, kazi zote hizo zina idadi ndani yake. Wewe bakiza njia moja ambayo haikuli muda wowote wa ziada.

Kwangu ni ngazi. Kutoka barabarani mpaka mlangoni petu ziko thelathini na moja, nyingine zimechongwa kwenye mwamba wenyewe. Jioni tunapanda tukihesabu, mkono wake ndani ya mkono wangu, nami nina ndoo kichwani. Asubuhi tunashuka kuanzia thelathini na moja. Thelathini anaipita, ishirini na tisa anaipita, anashuka vizuri mpaka ishirini, kisha anasimama na mguu mmoja hewani akitafuta inayofuata. Simtajii. Leo asubuhi alisema, "Mama, ishirini si kumi na kumi?" Nikamwambia ndiyo. Akatazama chini, akaweka mguu: "Kumi na tisa."